Riwaya Pendwa na Mikataba Yake: Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: hadithi imekwisha, sasa nimwamini nani? Nimechagua saba. Sisi tunaoandika upelelezi, ujasusi, mahaba, vitisho na bunilizi za kisayansi tuna bahati kwamba wenzetu waliotutangulia wameweka maarifa mengi mtandaoni, na mengi ni ya bure. Matapeli nao wako hukohuko.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepata barua pepe kutoka kwa mhariri wa shirika kubwa la uchapishaji. Amesoma riwaya yangu ya upelelezi niliyojichapishia na ameisifu mpaka machozi yakanitoka. Wanataka kuitoa upya, ila nitangulize dola 900 za "maandalizi". Rafiki yangu anasema nafasi kama hii haiji mara mbili. Nitume?

JIBU: Marahaba. Usitume hata senti moja. Najua inauma, maana sifa hizo umezingoja muda mrefu, na tapeli analijua hilo. Mchapishaji wa kweli ndiye mwenye kuweka mtaji: anamlipa mhariri, anamlipa mchora jalada, anamlipa mpiga chapa, kisha anakulipa wewe. Waandishi wa bunilizi za kisayansi wana kanuni wanayoiita Yog's Law, iliyotungwa na mwandishi mwenzao James D. Macdonald: pesa huelekea kwa mwandishi. Zikianza kutoka mfukoni mwako kwenda kwa mtu anayejiita mchapishaji wako, basi mteja wake ni wewe, wala si msomaji.

Kujichapishia ni habari nyingine. Hapo mchapishaji ni wewe mwenyewe. Unamlipa mhariri na mchoraji kwa kazi maalumu, na haki zote zinabaki mikononi mwako.

Sasa iangalie anwani ya barua hiyo herufi kwa herufi. Januari 2022 FBI ilimkamata New York kijana aliyekuwa akifanya kazi katika uchapishaji, ambaye kwa miaka kadhaa alijifanya mhariri huyu na wakala yule ili apewe miswada ambayo haijatoka. Alisajili anwani za tovuti zaidi ya 160 zinazofanana na za mashirika halisi. Moja ya mbinu zake ilikuwa kuandika "r" na "n" zikiwa zimebanana mahali panapotakiwa "m". Jaribu kuziandika herufi hizo kwenye simu yako uone jicho linavyodanganyika. Alikiri kosa mahakamani Januari 2023. Waliodanganywa walikuwamo waandishi wakongwe na watu wa ndani ya tasnia yenyewe, kwa hiyo usione haya kwamba nawe ulikaribia kuamini.

La kufanya: usiijibu barua ile. Tafuta mwenyewe tovuti ya shirika hilo, uandike kwa anwani utakayoikuta pale, uulize kama mhariri huyo yupo na kama ndiye aliyekuandikia. Kisha tafuta jina la kampuni pamoja na maneno Writer Beware. Huu ni mradi ulioanzishwa mwaka 1998 na Victoria Strauss na marehemu Ann Crispin, chini ya mwavuli wa SFWA, chama cha waandishi wa bunilizi za kisayansi na fantasia. Kwa zaidi ya miaka 25 umekusanya malalamiko na mifano ya mikataba mibovu, na kuusoma hakugharimu kitu. Mimi husoma mambo yao hata nisipokuwa na tatizo lolote, ili nizizoee mbinu kabla hazijanifikia.

SWALI: Nina hadithi fupi sita za kutisha. Majarida yanayolipa nitayapata wapi?

JIBU: Anza na Submission Grinder. Ni hifadhidata ya bure iliyoanza 2013; unaingiza aina ya hadithi, idadi ya maneno na malipo unayotaka, inakutolea orodha ya majarida pamoja na muda ambao kila moja huchukua kujibu. Duotrope inafanya kazi inayofanana na hiyo na ina umri mkubwa zaidi, lakini ni ya kulipia.

Kuhusu malipo, mwaka 2019 SFWA ilipandisha kiwango inachokihesabu kuwa cha kitaalamu hadi senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 5,000 kwa kiwango hicho ni dola 400. Majarida mengi yako chini ya hapo. Ushauri wangu ni kuanzia juu ukishuka. Waandishi wapya hufanya kinyume: hupeleka kwanza kwa jarida lisilolipa kwa kuogopa kukataliwa, na hadithi ikishatoka huko, majarida makubwa hayaitaki tena.

Soma masharti ya kila jarida mpaka mwisho. Mengine hayakubali uipeleke hadithi moja kwa wahariri wawili wakati uleule, mengine hayajali. Mpangilio wa muswada unaotumika sana ni ule uliofafanuliwa na mwandishi William Shunn. Mwongozo wake uko wazi mtandaoni na umepangwa kama muswada wenyewe, kwa hiyo unaiga tu. Usipeleke kilichoandikwa na akili mnemba. Februari 2023 jarida la Clarkesworld lililazimika kufunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu zilizotungwa na mashine zilikuwa zimefika mamia ndani ya mwezi huo mmoja. Tangu hapo majarida mengi yameandika wazi kwamba hayazitaki, na wahariri wana kumbukumbu ndefu.

SWALI: Nataka kuweka riwaya yangu ya mahaba Wattpad, ile tovuti ya kusomea hadithi, sura moja kila wiki. Naogopa kuibiwa. Nisajili hakimiliki kwanza?

JIBU: Hakimiliki unayo tayari. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimeuridhia, unasema ulinzi huanza kazi inapotungwa, bila usajili wala muhuri. Kusajili husaidia kuthibitisha jambo mbele ya mahakama, na katika baadhi ya nchi kunakuongezea nguvu ya kudai fidia, lakini hakukupi umiliki, kwa sababu umiliki huo tayari ni wako. Jua pia kwamba kinacholindwa ni maneno uliyoyaandika. Wazo la binti wa tajiri anayempenda dereva ni la kila mtu.

Swali ambalo hukuuliza ndilo linalonishughulisha zaidi. Ukiiweka riwaya nzima hadharani umeshaitumia haki ya kuchapisha kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo wachapishaji wengi wanayoilipia. Kama shabaha yako ni kukusanya wasomaji, weka. Kama shabaha ni mkataba na mchapishaji, weka sura tatu au uandike hadithi nyingine mahususi kwa ajili ya Wattpad.

SWALI: Mchapishaji mdogo amenipa mkataba wa riwaya ya kijasusi. Kifungu kimoja kinasema nampa "haki zote, katika lugha zote na njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, kwa muda wote wa hakimiliki". Anasema ni maneno ya kawaida tu. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli kwamba utayakuta mara nyingi. Kwamba kwa hiyo uyakubali, hapana.

Kifungu hiki kiliniumiza mimi mwenyewe. Mkataba wangu wa kwanza niliutia sahihi siku ileile nilioupokea, kwa furaha. Miaka kadhaa baadaye mtu alitaka kuitafsiri riwaya ile, nikagundua kwamba haki ya tafsiri si yangu, na mwenye nayo hana mpango wowote wa kuitumia wala hajibu barua. Kitabu kikabaki kimefungiwa. Ndiyo maana jibu hili litakuwa refu.

Mwandishi anapotia sahihi anatoa ruhusa, na ruhusa hiyo inagawanyika. Kuna kitabu cha karatasi, kitabu cha kielektroniki, kitabu cha kusikiliza, tafsiri, filamu, mchezo wa redio. Kila moja inaweza kutolewa peke yake, kwa eneo fulani na kwa miaka fulani. Muulize mchapishaji wako swali moja kwa kila haki: utaifanyia nini, na lini? Kama hajawahi kutoa kitabu cha kusikiliza hata kimoja, haki hiyo aiache. Mchapishaji mwaminifu hakasirikii maswali haya, huwa anayategemea.

Halafu huo "muda wote wa hakimiliki". Kwa mujibu wa Berne, kima cha chini ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefika 70. Unazungumzia wajukuu zako. Kama mchapishaji ameng'ang'ania muda huo, dai kifungu cha kurudishiwa haki chenye namba ndani yake. Zamani ilitosha kuandika kwamba kitabu kisipokuwa kinachapwa haki zinarudi. Leo kitabu cha kielektroniki hakimaliziki dukani kamwe, na cha karatasi huchapwa nakala moja moja mteja anapoagiza, hivyo kitabu kinaweza kuhesabika kuwa "kinapatikana" hata kama hakiuzi chochote. Andikeni, kwa mfano, kwamba zikiuzwa chini ya nakala 100 katika miezi 12, mwandishi akiomba kwa maandishi, haki zote zinarudi ndani ya siku 90. Namba mtapatana, ila lazima iwepo.

Usijaribu haya kwa kubahatisha. SFWA na Authors Guild, chama cha waandishi cha Marekani kilichoanzishwa 1912, wameweka mtandaoni mifano ya mikataba yenye maelezo ya kila kifungu. Authors Alliance, shirika jingine la waandishi la Marekani, walitoa mwaka 2015 mwongozo mzima wa bure kuhusu namna ya kurudishiwa haki, unaofaa hata kwa aliyekwishatia sahihi kama mimi. Weka mfano huo upande mmoja na mkataba wako upande wa pili, usome kifungu kwa kifungu, uandike maswali pembeni. Kisha mtafute mwanasheria wa hakimiliki kwa vile vilivyokushinda. Saa moja yake ni nafuu kuliko hasara yangu.

SWALI: Wakala wa fasihi, yule anayemtafutia mwandishi mchapishaji, anachukua kiasi gani?

JIBU: Kwa kawaida asilimia 15 ya mapato ya ndani na 20 ya mauzo ya nje, na anachukua baada ya wewe kupata. Anayedai ada ya kusoma muswada, mwache aende. Tovuti ya QueryTracker itakuonyesha mawakala wanaopokea aina yako ya riwaya.

SWALI: Nimeona watu wakiuza vitabu vyao Kindle kwa senti 99. Nami nifanye hivyo ili nipate wanunuzi wengi?

JIBU: Piga hesabu kwanza. Kindle Direct Publishing (KDP), huduma ya Amazon ya kujichapishia, inalipa mrabaha (fungu la mwandishi katika bei ya kila nakala) wa asilimia 70 kwa kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99, na kwa wanunuzi wa nchi zilizomo katika orodha yake. Nje ya hapo ni asilimia 35. Kwa senti 99 unapata kama senti 35. Kwa dola 2.99 unapata karibu dola 2, ikipungua kidogo kwa gharama ya kusafirisha faili. Inabidi uuze nakala sita za bei ya chini ili kufikia nakala moja ya bei ya juu. Bei hiyo ndogo ina kazi yake, hasa kwa kitabu cha kwanza cha mfululizo: msomaji akinaswa, vitabu vya pili na vya tatu vinalipa. Kwa kitabu kimoja pekee siioni faida.

Mambo matatu kabla hujapakia. Angalia orodha ya lugha zinazokubaliwa na KDP, kwa sababu si kila lugha imo, na ni vibaya kuligundua hilo baada ya kulipia jalada. Ukijiunga na KDP Select unajifunga siku 90 kutouza kitabu hicho cha kielektroniki mahali pengine popote. Asiyetaka kifungo hicho anaweza kupitia Draft2Digital, wanaosambaza kwa maduka mengi kwa pamoja. Na jaza kwa makini W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa watu wa nje. Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha wa mwandishi wa nje, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaopunguza kiwango hicho.

SWALI: Naandika vitisho kwa jina la bandia, sitaki ofisini wajue. Je, mkataba nao niuandike kwa jina hilo? Na wa kunisomea rasimu nimpate wapi bila kujulikana?

JIBU: Mkataba, fomu ya kodi na akaunti ya benki ni kwa jina lako halisi, jina la kalamu linatajwa ndani ya mkataba kuwa ndilo litakalokaa kwenye jalada. Ongeza sentensi inayomkataza mchapishaji kulitoa jina halisi bila idhini yako ya maandishi. Na kwenye muswada uliopangwa kwa mtindo wa Shunn niliyemtaja juu, jina halisi hukaa juu kushoto, la kalamu chini ya kichwa cha hadithi.

Kuhusu wasomaji, jaribu Critters, kikundi cha mtandaoni cha kusomeana rasimu, kilichopo tangu 1995 kwa ajili ya bunilizi za kisayansi, fantasia na vitisho. Hakina ada. Malipo yake ni kuzisoma kazi za wenzako na kuzitolea maoni karibu kila wiki. Humo wanachama husoma rasimu wakiwa ndani tu, hivyo haki yako ya kuchapisha mara ya kwanza inabaki salama. Wiki za mwanzo soma ya wengine kabla hujaleta yako.