Uliza Fundi: Muhuri wa mkandarasi haupimi waya

Mwezi huu barua karibu zote ni za umeme, nadhani kwa sababu watu wengi wameshapaua na sa hivi wanatafuta mafundi wa ndani. Nimechagua tano. Kama yako haimo soma ya mwenzio, nyingi zilikuwa zinauliza kitu kilekile.

Shikamoo fundi. Nimejenga vyumba vitatu Chanika, nimeshapaua, plasta nataka kupiga mwezi ujao. Nimeita mafundi umeme watatu, wawili bei zao zinakaribiana, wa tatu yuko chini karibu nusu. Huyu anasema hana leseni ila muhuri atanitafutia kwa jamaa yake na TANESCO watapitisha tu. Nyumba mbili za jirani kafanya yeye na taa zinawaka. Nimpe kazi? — Mjenzi, Chanika

Marahaba. Taa kuwaka sio kipimo kijana wangu. Ukichukua waya za redio mbovu ukaziunga kwa tepu ukapeleka kwenye balbu, balbu itawaka vizuri tu. Umeme mbaya unajulikana miaka mitatu baadae, siku mmenunua friji na pasi na jiko la koili vyote viko soketi za upande mmoja.

Sa tuje kwenye huo muhuri, manake ndo penye shida. Ukiomba umeme TANESCO, iwe kwa Nikonekt kwenye simu au uende ofisini, wanataka mchoro wa waringi uliogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka inayosimamia nishati na maji. Ule muhuri maana yake kuna mtu amesimama kwenye nyumba yako, ameikagua, na yuko tayari kubanwa ikitokea kitu. Huyo jamaa wa fundi wako hajawahi hata kufika Chanika, yani unanunua karatasi. Waya ikiungua ukutani, aliyefanya kazi atasema mi sina leseni, aliyegonga muhuri atasema mi sikufanya kazi, na kila mmoja atakuwa anasema kweli.

Sisemi asiye na leseni hajui kazi. Wapo vijana wametoka VETA juzi wana mkono msafi kuliko bosi wao, na kijana kufanya kazi chini ya mkandarasi sina ugomvi nayo ilimradi mkandarasi mwenyewe anafika saiti kabla plasta haijafunika na anarudi mwisho kupima. Kwahiyo muulize kila mmoja kati ya hao watatu, leseni ni ya nani, nionyeshe, ni daraja gani na inaisha lini, alafu jina la kwenye leseni lifanane na jina la kwenye muhuri. Leseni zina madaraja na zina mwisho, mtu anaweza kukuonyesha karatasi ya kweli kabisa iliyokwisha zamani. Ukiwa na wasiwasi waulize EWURA wenyewe.

Swali la pili ndo linalochuja watu: utanipimia na nini ukimaliza? Akitoa tesita ya bisibisi mfukoni, huyo bado. Tesita inakwambia hapa kuna fezi, yani waya yenye umeme, basi, haikwambii kama ngozi ya waya imechubuka wakati inavutwa kwenye bomba. Hiyo inataka mega, ile mashine inayopima kwa volti 500 wakati umeme haujaingizwa, fezi na nyutro (waya ya kurudi), fezi na ethi (waya ya kwenda ardhini), nyutro na ethi, na kipimo kikiwa chini ya megaomu 1 kazi haijaisha. Nyumba nzuri mpya inatoa zaidi ya hapo mbali sana. Mwambie unataka kuwepo anapopima, na namba aziandike.

Mpe na swali la waya pia, hata kama we sio fundi utamsikia anavyojibu. Taa waya ya milimita 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, soketi waya ya 2.5 na breka ya ampea 20, jiko la umeme na hita ya maji kila kimoja na laini yake ya milimita 6 kutoka kwenye meni swichi. Akikwambia nyumba nzima 1.5 inatosha mpe maji ya kunywa aende. Na ukisikia breka ya 32 kwenye waya ya 1.5 ujue hiyo waya itakuwa makaa breka bado haijashtuka.

Kuhusu hela, wengi wanachaji kwa pointi, sio mbaya, ila bei ya pointi iseme ndani yake kuna nini, manake kuna mtu kwake pointi ni kutoboa na kuweka boksi tu, kuvuta waya ni bei nyingine, kufunga ni nyingine. Ndo maana yule wa nusu bei anaonekana nafuu. Lipa kwa hatua: mabomba na maboksi, kisha kuvuta waya, kisha kufunga, na kipande cha mwisho kisitoke mpaka mega imesoma. Vifaa kanunue mwenyewe, nenda na fundi dukani lakini hela itoke mkononi mwako na risiti ya EFD irudi mkononi mwako. Waya kwangua na kisu pale kwenye ncha, kama ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, irudishe hata kama roli lina maandishi mazuri namna gani.

Kwa hiyo hapana, usimpe. Kama unampenda kwa sababu ni kijana wa mtaani, mwambie yule mkandarasi utakayemchukua amuajiri kuchana kuta na kupitisha mabomba. Hiyo kazi anaiweza.

Asalaam alaikum kaka. Niko Muscat, najenga Tanga, anayesimamia ni mdogo wangu na fundi umeme ni mtoto wa shangazi yetu kwahiyo siwezi kumkataa. Nitajuaje kazi inaenda sawa na mimi siko? — Dada wa Muscat

Waalaikum salaam dada. Mtoto wa shangazi mwachie kazi ila usimwachie ukaguzi. Tafuta mkandarasi mwingine hapo Tanga ambaye hamna undugu, mlipe aje mara mbili tu, kabla ya plasta na baada ya kufunga. Shangazi akinuna mwambie TANESCO wanataka muhuri, na sio uongo.

Mdogo wako apige picha kila ukuta kabla haujafunikwa, futi ya kupimia iwe imewekwa ukutani tuone bomba limepita umbali gani kutoka kwenye kona ya mlango. Hizo picha usizifute, siku mtu anataka kutundika kabati ndo utajua faida yake, watu wametoboa fezi na drili. Mabomba yapande wima au yaende mlalo kutokea kwenye boksi, ukiona limekatiza ukuta pembe kwa pembe ili kuokoa bomba, lirudiwe kabla ya plasta. Na waya zisiungwe ndani ya bomba hata moja, maungio yote yawe kwenye boksi linalofunguka.

Kingine agiza uone ethi rodi inapigwa chini, kwa video, mwanzo mpaka mwisho. Nasema hivyo kwa sababu mchezo wa kuikata rodi nusu ukikuta ardhi ngumu upo, juu inaonekana kichwa kizuri na waya ya kijani imefungwa, chini kuna kipande cha mkono mmoja. Rodi ya futi nne izame yote, sehemu ambayo udongo unashika unyevu, sio chini ya baraza pakavu. Wengine wanaweka mkaa na chumvi kwenye shimo, inasaidia kweli, ila chumvi inaoshwa na mvua na inaila rodi taratibu, kwahiyo isiwe ndo tegemeo. Anayekuja kukagua apime ethi na mashine yake, kiangazi ikiwezekana, masika kila rodi inaonekana nzuri.

Habari fundi. Shawa ya maji ya moto bafuni inatupiga shoti kidogo kidogo ukigusa bomba, hasa asubuhi. Fundi aliyeifunga anasema ni kawaida ya hizi instanti, tuvae ndala. Watoto wanaogopa kuoga. — Mama wa Kimara

Mama, kaizime kule kwenye breka sasa hivi, sio kwa swichi ya bafuni, na isiwashwe tena mpaka aje mtu mwingine. Mwingine, sio huyo wa ndala. Hakuna shawa ambayo kawaida yake ni kupiga shoti na anayesema hivyo asipewe hata kazi ya kubadilisha balbu.

Hizi instanti zinakula umeme mwingi, nyingi zinafika kilowati 5 na kuendelea, kwa volti zetu 230 hapo ni ampea 22 hivi kwa wakati mmoja. Mafundi wengi wanaipachika kwenye waya ya taa iliyo karibu. Waya inachemka, plastiki inalainika, na hapo bado hatujagusa hiyo shoti unayoisikia.

Shoti inatokana na kukosa ethi. Ndani ya shawa nyingi koili iko wazi majini, kwahiyo maji yenyewe yanabeba umeme kidogo, na kama ni maji ya kisima yenye chumvi kama maeneo mengi ya Dar yanabeba zaidi. Zipo shawa za maji ya chumvi ambazo koili yake imefunikwa, uliza dukani. Ule umeme unatakiwa ushuke kwa waya ya kijani mpaka ardhini. Fundi asipoifunga ile waya, akaiacha inaning'inia nyuma ya shawa, umeme unatafuta njia nyingine ambayo ni mkono wako. Kuna wanaofanya kibaya zaidi ya hicho, wanaiunga na nyutro palepale juu. Nyutro ikikatika popote huko nyuma, bomba lote la bafuni linakuwa fezi.

Alafu uliza kama una RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. Watu wanadhani breka inaokoa mtu, breka inaokoa waya. Breka ya 32 inasubiri ampea 32 na zaidi, mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja na breka imetulia tu. RCD inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, unaorudi ukipungua kwa miliampea 30 inakata chini ya sekunde moja. Lakini isikudanganye, bila ethi RCD haina cha kukata mpaka mtu aguse ndo ione umeme unapotea. Vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Ukishafungiwa, ina kitufe kimeandikwa T, kibonyeze kila mwezi, ikigoma kukata ibadilishwe.

Utakayemuita mwambie kabisa kazi ni hii: laini mpya ya milimita 6 toka meni swichi mpaka bafuni, breka yake yenyewe, swichi inayokata fezi na nyutro zote iwe nje ya bafu, ethi ipimwe, RCD iwekwe. Akisema anabadilisha kichwa cha shawa tu inatosha, mshukuru na utafute mwingine.

Sasa fundi, niko Kisauni Mombasa nina nyumba za kupangisha. Haya mambo ya leseni ni ya Tanzania pekee ama hata huku? — Mwenye nyumba, Kisauni

Hata huko, tena sheria iko wazi. Kwenu ni EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ile iliyokuwa inaitwa ERC kabla ya sheria ya nishati ya 2019. Fundi anapewa leseni kwa daraja, C2 ni wa kazi za single phase, yani umeme wa fezi moja, na wanapanda mpaka A1. Kenya Power nao wanataka cheti cha kazi iliyokamilika kabla ya kukuwashia. Nyumba ya kupangisha ipe soketi nyingi kuliko unavyoona inatosha, manake mpangaji akikosa soketi ataweka ekstensheni, na juu ya ekstensheni ekstensheni nyingine, na ukuta ni wako.

Fundi umeme wa LUKU unaisha haraka, wa elfu kumi zamani ulifika wiki mbili sa hivi siku sita. Mwenye nyumba anasema mita mbovu, jirani anasema waringi. Kuna jamaa kapita anasema anaweza kuirekebisha mita. — Mpangaji, Mwanza

Kwanza angalia risiti sio siku. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya majengo kwenye LUKU, kwahiyo unit zinatoka chache. Pia kama ulikuwa D1, wale wa matumizi madogo ya mpaka unit 75 kwa mwezi, na mmeongezeka watu mkavuka, bei ya unit inapanda sana na hapo hakuna kilichoharibika.

Kama sio hivyo jipimie mwenyewe usiku. Chomoa kila kitu, zima taa zote, meni swichi iwe imewashwa, nenda kaangalie kile kitaa chekundu cha kwenye mita kinachopepesa. Kikiendelea kupepesa kuna umeme unatoka. Zima breka moja moja, ile ambayo ukiizima kitaa kinatulia ndo yenye ugonjwa, na hapo unaita fundi mwenye mega na unamwonyesha laini yenyewe badala ya kumlipa akisie nyumba nzima. Mara nyingi ni taa ya nje iliyoingia maji, au pampu, au laini iliyotolewa kwako ikaenda chumba cha uani bila kuambiwa, samahani mwenye nyumba kama unasoma. Ukizima meni swichi yenyewe na kitaa bado kinapepesa, hiyo haikuhusu wewe wala fundi wako, ripoti TANESCO.

Huyo jamaa wa kurekebisha mita ni kishoka, yani fundi feki wa mtaani. Mita haifunguliwi na mtu yeyote zaidi ya TANESCO, lakiri ikikutwa imekatwa inahesabiwa wizi wa umeme, na yeye wakati huo atakuwa yuko mtaa wa pili.