Potifolio ya gemu: kabla hujatuma linki tena, soma hii

Yakhe, umesema umemaliza kozi ya usanii wa gemu, umetuma potifolio (mkusanyo wa kazi zako) kila pahali na hakuna aliyekujibu, sasa wauliza ununue kompyuta kubwa ama ujifunze programu nyengine. Kwanza hata usinunue kitu. Nimeifungua linki yako nikakuta katuni za anime, zombi, gari, nembo ya duka la simu na sura ya mtu kwa penseli. Mkono unao, hilo sibishani. Lakini nikiwa mimi ndiye naajiri, sijui nikupe kazi gani.

Kwenye gemu hakuna kazi ya "msanii" hivi hivi, labda studio iwe ya watu watatu. Kuna wa wahusika, wa mazingira, wa vifaa (vitu vinavyoonekana ndani ya gemu), wa konsepti (michoro ya mwanzo ya wazo), wa animesheni, wa menyu na vitufe, na kila mmoja ana mambo yake. Anayeajiri ana pengo moja la kujaza, amefungua ArtStation, ule mtandao wasanii wanakoweka kazi zao, ana linki za watu kibao mbele yake, akitafuta mtu wa mazingira akakumbana na zombi anafunga anaenda kwa mwengine. Halafu ile kazi yako mbovu zaidi ndiyo itakayokuhukumu, manake anajiuliza, huyu mwenyewe haoni? Futa bana. Ukibaki na tatu nzuri za upande mmoja, hizo tatu zatosha kuanzia.

Mimi niko upande wa vifaa na mazingira, nafanya na studio ya nje nikiwa hapa hapa Kisauni, Mombasa, na kazi iliyoniingiza ilikuwa dele la kahawa. Ndiyo, lile dele la shaba la wauza kahawa, lenye jiko la makaa chini yake. Nilimuomba mzee mmoja Mji wa Kale anipe ruhusa nikalipiga picha pande zote, juu, chini, mpaka ndani ya kifuniko. Sasa sikiza, Substance Painter, programu ya kupaka modeli rangi, itakuwekea kutu na mikwaruzo kwa kubonyeza tu, na ndio maana vifaa vya wanafunzi vyote vyafanana, uchafu umemwagwa kila pahali sawasawa. Dele lenyewe haliko hivyo. Mpini unang'aa pale unaposhikwa, tumbo lina mistari ya kitambaa cha kupangusia, chini kumeshika masizi ya makaa, mdomoni kuna kahawa iliyokaukia. Kila doa lina sababu. Kwenye intavyuu waliniganda hapo hapo, mbona huku kunang'aa na huku kumefifia, na nilikuwa na majibu kwa sababu nilikitazama kitu chenyewe, sikukopi kazi ya mtu.

Jengine, usionyeshe picha moja nzuri ukaishia hapo. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na kitu kuchora kila fremu, kwa hivyo mtu wa gemu anataka kuona kama unajua kubana modeli iwe nyepesi. Weka wayafremu (mistari inayounda modeli), weka UV zako (modeli ikikunjuliwa bapa ili ivishwe picha), andika idadi ya pembetatu zinazounda modeli na saizi ya tekscha, yaani hiyo picha inayovishwa juu yake. Onyesha ile modeli nzito yenye kila nakshi, na pembeni ile nyepesi iliyobebeshwa nakshi hizo kwa tekscha. Halafu iingize kwenye Unreal ama Unity, programu za kuundia gemu, uipige picha humo, sio kwenye Blender ya kuchongea modeli peke yake.

Ukitaka mazingira, mbona uhangaike na korido za vyombo vya angani ambazo kila mtu anazo? Panda matatu uende Ndia Kuu, kule Mji wa Kale. Chukua mlango mmoja wa nakshi, tazama mfaa (ule mti wa katikati) na fremu yake, ule urembo unajirudia rudia, kwa hivyo tekscha moja yenye mistari kadhaa ya nakshi inakutosha kuvisha milango na roshani za mtaa mzima. Hiyo ndiyo akili ya kazi yenyewe, na marejeo unayo bure umbali wa nauli.

Ila tazama unamtumia nani. Studio inayofanya gemu za simu za kikatuni haina haja na masizi yako, dele hilo hilo lifanye mnene, rangi chache, umbo lisomeke likiwa dogo kama kucha.

Na mambo ya AI (akili bandia), usijaribu kupitisha picha zake kama kazi yako. Desemba 2022 ukurasa wa mbele wa ArtStation ulijaa mabango ya wasanii wanaoipinga, na tangu hapo watu wamekuwa na macho makali, utaulizwa faili zako na hatua zako. Weka hatua kabla hujaulizwa. Kama ilikuwa kazi ya timu sema wewe ulifanya kipi, na imeili yako ionekane bila kutafutwa.

Kuhusu jaribio ambalo studio hukupa kabla ya kukuajiri, likiwa la siku mbili fanya. Wakikwambia wiki nzima bila malipo na kitu chenyewe kinafanana mno na gemu yao, uliza kwanza kama watakitumia. Kuna studio moja niliwauliza hivyo wakanyamaza mpaka leo, mimi nikaendelea na zangu.