Nyoka huambukizwa protozoa (vimelea vya seli moja) kwa mdomo: kwa wanaoanza kazi bandani

Ukianza kutunza nyoka hapa Tanga, jifunze kwanza utaratibu wa kuhudumia mabanda. Anza na nyoka wazima, kisha wagonjwa, wa mwisho wawe walio karantini, na mgeni akae humo siku 90. Kobe wawe na koleo, beseni na ndoo zao, visivyoingia kabisa kwa nyoka. Kobe wengi hubeba Entamoeba invadens bila dalili yoyote. Vijidudu hutoka na kinyesi vikiwa ndani ya ganda gumu, na beseni lisilosuuzwa vizuri latosha kuvifikisha kinywani mwa chatu. Naye haviwezi: huacha kula, akaharisha kamasi na damu, na asipotibiwa mapema hufa.

Masika yakikolea, vyura na mbu hujaa. Wengi hudhani mbu humwambukiza nyoka Hepatozoon kwa kumuuma. Mara nyingi njia ni tumbo: nyoka humeza mdudu mwenye vimelea, au chura aliyekwisha kumla mdudu huyo. Ziba matundu kwa wavu, na usimlishe nyoka vyura wa kuokota mtaroni. Panya wa porini nao huleta Sarcocystis katika nyama yao. Lisha wa kufugwa.

Anayetutesa zaidi ni Cryptosporidium serpentis, kwa kuwa dawa ya klorini tunayoitegemea kwa kila kitu haimuui. Ondoa kinyesi chote kwanza, sugua kwa sabuni, halafu chemsha vyombo vinavyohimili moto. Visivyochemshika vipakwe amonia ya asilimia 5, vikae saa 18, visuuzwe na kukaushwa juani. Milango iwe wazi, na amonia isikutane kamwe na klorini: mvuke wake unaumiza mapafu yako na ya nyoka.

Dalili ya Cryptosporidium ni uvimbe katikati ya mwili, lilipo tumbo, na nyoka kutapika mawindo siku chache baada ya kula. Kinyesi cha siku moja kikionekana safi kwenye hadubini, usimtoe karantini. Vimelea hutoka kwa vipindi, kwa hiyo rudia kipimo. Akitapika, usikimbilie kutupa yule panya. Ule ute uliomganda manyoyani ndio sampuli nzuri kuliko zote: ukwangue, upake kwenye kioo na upeleke maabara siku hiyo hiyo.