Niliiongezea Prosesa Kasi Wakati wa Kusi, Kaskazi Ikaniumbua

Juma lililopita msomaji mmoja wa Likoni aliniletea ujumbe: "Kaka, nimeipandisha prosesa yangu hadi gigahezi 5 na majaribio yote imepita, lakini kila nikifungua video kompyuta inakwamakwama. Je, nibadilishe kadi ya picha?" Swali hilo la mwisho, la kadi inayotengeneza picha za kwenye kioo, lilinichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nililijibu vibaya mwaka uliopita, na nikalilipia.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi katika chumba cha ghorofani huku Majengo, na kama wewe, nilitaka kasi bila kununua kompyuta mpya. Yangu ina Core i5-9600K, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2018 yenye viini 6, ambayo kwa mpangilio wa kiwandani hujipandisha hadi kasi ya gigahezi 4.6 kiini kimoja kikifanya kazi, na 4.3 viini vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Mapigo yake ya msingi ni megahezi 100, na kasi yenyewe hutokana na mapigo hayo kuzidishwa kwa namba iitwayo kizidishi: 43 hutoa gigahezi 4.3. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiingia dirishani usiku kucha, niliingia kwenye Bayosi, yaani mpangilio wa ndani wa kompyuta unaofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, nikakitoa kizidishi kwenye 43 na kukipandisha kidogo kidogo hadi 50, huku nikiongeza umeme kutoka volti 1.20 hadi 1.36. Prime95, programu ya kuijaribu prosesa kwa kazi nzito, ilipokimbia saa nzima bila mashine kuzimika, nilifurahi sana, na hata leo sioni haya kusema kwamba kazi ile niliifanya kwa uangalifu kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Mwezi wa Februari, katika joto la kaskazi, nilikuwa nikimwonyesha mama mmoja video ya harusi ya bintiye kabla ya kuikamilisha. Bibi harusi aliinua mkono uliojaa hina ili afunue shela. Mkono ukafika kifuani, ukaganda, kisha ghafla ukaonekana uko juu ya paji la uso. Video ya picha 25 kwa sekunde huipa kila picha milisekunde 40 tu, kwa hiyo zikipotea nne au tano mfululizo jicho la mtu yeyote huona. Yule mama aliniuliza, "Mwanangu, mbona umemkata mkono binti yangu?" Nilimwambia ni kompyuta, si video. Akanijibu kwa upole, "Basi kompyuta yako haiwezi kazi, tutafute mwingine." Maneno hayo bado ninayo.

Niliipeleka mashine kwenye duka moja la kompyuta hapa mjini. Fundi aliitazama kwa dakika chache akaniambia, "Bwana, joto haliwezi kuwa ndilo tatizo, maana imefanya kazi miezi saba. Hiyo ni kadi ya picha." Nilinunua kadi nyingine kwa shilingi 32,000, nikaifunga usiku uleule, na mkono wa bibi harusi ukaganda palepale. Pesa hizo sikurudishiwa, na sioni sababu ya kuficha kwamba jambo hilo linaniuma.

Ukweli niliupata nilipoacha kuuliza watu nikaiuliza mashine. Niliwasha HWiNFO, programu inayoonyesha hali ya prosesa, saa nane mchana, nikaanza kutoa video (yaani kutengeneza faili yake ya mwisho), nikatazama mistari miwili: ule wa joto na ule wa kasi. Joto lilipanda hadi nyuzi 100 likakaa hapo, kwa sababu hicho ndicho kikomo cha prosesa hii. Kila lilipokigusa, kasi iliporomoka kutoka gigahezi 5 hadi 4.1, ikapanda, ikaporomoka tena, mpaka mstari ukawa kama meno ya msumeno. Kila jino lilikuwa ni mkwamo mmoja kwenye kioo.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa pwani wanisikilize vizuri. Kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachofanya ni kuizuia isizidi chumba kwa kiasi fulani. Kama kwa kazi ile ile prosesa yako huzidi chumba kwa nyuzi 67, basi kwenye chumba cha nyuzi 22 itasoma 89 na mambo yatakuwa shwari, lakini kwenye chumba cha nyuzi 33 mchana wa kaskazi itagonga 100. Miongozo mingi tunayoisoma imeandikwa na watu wa nchi za baridi, nasi tunainakili namba kwa namba kana kwamba tunaishi huko. Tena joto linalotoka kwenye prosesa hufuata hesabu hii, gigahezi mara volti mara volti tena: zidisha namba zangu utaona kwamba kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 16, nilikuwa nimeongeza joto kwa karibu asilimia 50.

Nilifungua boksi la kompyuta. Katikati ya mapezi ya kipoza joto vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu wa bahari likawa kama kitambaa cha kijivu, nami nilikitoa kipande kizima kwa ncha za vidole. Pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza ilikuwa imekauka. Nilisafisha, nikapaka mpya, joto likashuka, lakini mikwamo midogo ikabaki. Nilipofungua kumbukumbu za matukio za Windows nikakuta maonyo mengi ya WHEA-Logger, namba 19: prosesa ilikuwa inafanya makosa, ikiyasahihisha kimyakimya na kuendelea. Mashine inaweza kukosea hivyo siku nzima bila kuzimika, na ndiyo maana kupita jaribio la saa moja si ushahidi wa kutosha.

Nilirudisha kila kitu kwenye mpangilio wa kiwandani, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ambayo nilikuwa nimeiweka kwenye kasi ya 3200 ilhali prosesa hii inaahidiwa 2666 tu. Mikwamo ikaisha, kwa hiyo kadi ya picha haikuwa na hatia tangu mwanzo. Kisha nikapandisha kitu kimoja kwa siku moja, nikisoma maonyo kila jioni, hadi nikatulia kwenye gigahezi 4.7 kwa volti 1.25. Harusi iliyochukua dakika 58 kutolewa kwa ile "gigahezi 5" yangu sasa hutoka kwa dakika 51, na kasi haitetereki.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Likoni, usinunue chochote. Rudisha mpangilio wa kiwandani kwanza, kwa sababu mkwamo ukiondoka hapo umeshajua wa kulaumiwa ni nani. Usiwaamini watakaokwambia gigahezi 5 ni heshima. Angalia pia kwenye Bayosi kama umeweka mpangilio wa AVX unaopunguza kizidishi, maana programu za video huyatumia sana maagizo ya AVX, yaani amri za hesabu nzito za prosesa, na kasi yako inaweza kushuka hata kabla joto halijafika kikomo. Halafu niandikie uniambie umesoma nyuzi ngapi saa nane mchana, boksi likiwa limefungwa na video ikiendelea kutoka.