Maswali na majibu: Plai 10 hazibebi mzigo wa pikapu yako

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina pikapu ya milango minne inayovuta magurudumu yote. Matairi yaliyokuja nayo ni 265/65R17 112S na sasa yamekwisha. Ya nyuma yameliwa mabegani pande zote mbili, katikati bado kuna kashata (meno ya tairi) kidogo. Natembea zaidi kwenye lami, ila siku mbili kwa wiki naingia njia ya changarawe na mawe, na mara nyingi nyuma nina mzigo wa nusu tani. Fundi wangu wa matairi anasema niachane na saizi ya kiwandani nifunge LT265/70R17 (LT ni tairi la pikapu na malori mepesi) ya A/T (ya lami na vumbi), plai 10, yaani matabaka 10, eti hayo yatabeba mzigo bila wasiwasi, na upepo nijaze uleule wa kibandiko cha mlangoni, 36 nyuma. Kuna jamaa pia ananiuzia manne yaliyotumika, plai 10 hizohizo, kashata ndefu kama mapya. Tarakimu za mwisho ubavuni ni 1416. Nichukue yapi?

Jibu: Ndugu msomaji, nakujibu mapema ili usije ukalipa kabla hujafika mwisho. Baki kwenye 265/65R17, aina ya A/T, namba ya uzito 112 au zaidi, manne kwa mpigo pamoja na la spea kama mfuko unaruhusu. Yale yaliyotumika usiyachukue. Na hayo ya plai 10 usiyafunge kwa upepo wa 36, kwa sababu kwa upepo huo pikapu yako itakuwa na uwezo mdogo wa kubeba kuliko ilivyo leo.

Najua sentensi hiyo ya mwisho haikuingii akilini. Haiwaingii wengi, na kila wiki naletewa gari ambalo mwenyewe ameshauziwa plai.

Tairi halibebi mzigo kwa mpira wake, mzigo hubebwa na upepo. Mpira, nyuzi na waya kazi yake ni kuushika upepo usitoke na usilipasue tairi. Ukitaka kuamini, toa upepo wote kwenye tairi la plai 10 uone kama hizo plai zitaliinua gari. Plai nyingi maana yake ni moja tu: tairi hilo limeruhusiwa kujazwa upepo mwingi zaidi, na likijazwa upepo mwingi ndipo linabeba zaidi. Usipolijaza, umenunua ruhusa ambayo hukuitumia.

Tena hizo plai zenyewe si 10. Zamani matabaka ya tairi yalikuwa ya pamba, na tairi gumu lilikuwa na matabaka mengi ya kuhesabika. Namba ikabaki kama kipimo cha nguvu: sawa na matabaka 10 ya pamba. Tairi la leo la plai 10 ukilikata ubavu utakuta matabaka mawili au matatu ya nyuzi za poliesta, na chini ya kashata mikanda ya waya. Mtu anayekuhesabia plai kama vile anahesabu matofali hajawahi kulikata tairi.

Sasa tazama namba zako. Tairi lako la kiwandani lina 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja, na linaufikia uzito huo likiwa na psi (kipimo cha upepo) 35 au 36 hivi. Hilo unalouziwa, LT265/70R17 la plai 10, huandikwa 121/118. Namba ya kwanza ni ya gurudumu moja kila upande, ya pili ni ya magari yenye magurudumu pacha nyuma, hiyo haikuhusu. 121 ni kilo 1,450. Inapendeza kweli. Lakini soma maandishi madogo pembeni yake: kilo hizo 1,450 zinapatikana kwenye psi 80. Ukitaka libebe kilo 1,120 tu, sawa na lile lako la zamani, inabidi lifike kama psi 50. Kwa 36 unayoambiwa, uwezo wake unashuka chini ya hapo kwa robo hivi. Kibandiko cha mlangoni hakikuandikwa kwa ajili ya tairi la LT; kiliandikwa kwa ajili ya tairi lililotoka na gari.

"Basi nijaze 80," watasema wengine, na wapo mafundi wanaojaza hivyohivyo kwa sababu ndiyo namba iliyochapwa ubavuni. Ile ni ya mwisho wa uwezo. Pikapu isiyo na mzigo kwenye psi 80 hurukaruka nyuma kama mbuzi, inakanyaga ardhi kwa katikati tu, na kwenye lami yenye maji inakosa breki. Isitoshe, valvu za kawaida za mpira zilizoko kwenye ringi zako mwisho wake ni psi 65. Nimewahi kuona valvu imevimba shingoni kama mshipa, na mwenye gari alikuwa amebeba watu.

Umeniambia jambo moja ambalo fundi wako alipaswa kuliona kabla ya kutaja saizi yoyote. Matairi yako ya nyuma yameliwa mabegani huku katikati kumebaki. Tairi linalotembea na upepo mdogo kuliko mzigo wake ndivyo linavyokwisha: katikati hunywea, mabega yanafanya kazi peke yake. Kwa hiyo ulichokosa miaka yote hii ni upepo, na dawa uliyopewa ni tairi linalohitaji upepo mwingi zaidi, lijazwe uleule. Inanikera sana. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mpira, mbele ya macho yake, akaenda kwenye plai.

Nunua geji yako mwenyewe. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Likishatembea tairi hupata joto na psi hupanda nne, tano, hata sita, na hapo kuna mabingwa wanaolipunguza "lisije likapasuka." Wakishalipunguza, likipoa linakuwa chini ya kiwango, na kesho yake unaondoka na mzigo juu ya upepo pungufu. Tairi la moto usilitoe upepo. Hali ya hewa nayo huchangia: likishuka joto kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi, psi moja inakwenda.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Tairi lako kwenye kilomita 100 kwa saa huzunguka karibu mara 700 kwa dakika, na kila mzunguko ubavu unakunjika na kukunjuka. Upepo ukiwa haba, mkunjo ni mkubwa, na mkunjo huzaa joto. Joto likizidi, mpira unaoshika mikanda ya waya unaachia, na kashata inabanduka nzimanzima.

Siku moja niliteremshiwa pikapu iliyovutwa kwa kamba, tairi la nyuma kushoto kashata yote imechomoka, imepiga bodi mpaka bati la juu ya gurudumu limekunjamana. Dereva alisema neno moja tu, akilirudia: "Lakini ni plai 10, fundi. Plai 10." Nililivua kwenye ringi nikalipeleka mwangani. Ndani kulikuwa na unga mweusi wa mpira, laini kama masizi, unaojaa kiganjani. Kuzunguka ubavu wote kulikuwa na mstari wa mikunjo, kama mkunjo wa soksi. Unga ule ni mpira uliosagana wenyewe kwa wenyewe kwa siku nyingi, tairi likitembea na upepo mdogo. Nilipima matatu yaliyobaki: 33, 34, 31. Kibandiko cha mlangoni kilisema 36, na kama nilivyokuonyesha, hata hiyo 36 isingelitosha tairi la LT chini ya mzigo ule.

Jambo hili lina historia kubwa. Agosti 2000, huko Marekani, watengenezaji wa matairi Bridgestone/Firestone waliyaita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, yakiwemo ya aina ya Wilderness AT, mengi yake yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka kwenye mwendo kasi, magari yanabiringika, watu wanakufa. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, hilo halina ubishi. Ila ndani ya ugomvi ule psi nne tu zilibishaniwa mno: Ford walikuwa wamependekeza 26, Firestone wakaja kusema 30. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya TREAD, na taa ile ya njano ya upepo kwenye dashibodi za magari mengi ya leo ilitokana nayo. Watu waliokaa na ripoti za ajali hizo waliona vyema psi chache zinaweza kufanya nini, halafu wewe unaambiwa upepo ni suala la kukisia kwa teke la kiatu.

Kuhusu kupandisha saizi sitasema mengi. 265/65R17 ina kimo cha milimita 776, na 265/70R17 ni 803. Tofauti ni milimita 26 na nusu hivi, nusu yake tu ndiyo inayokwenda chini ya difu: umeinuka milimita 13. Kwa hizo 13, mshale wa spidi ukisema 100 utakuwa unakwenda 103 na ushei kuliko ulivyozoea, gia zote zinakuwa ndefu, na ukikata usukani wote huku mzigo umekandamiza springi, tairi linaweza kuugusa mkingatope. Tairi lenyewe ni zito kwa kilo kadhaa kila gurudumu, na breki na shokapu zinazihisi kilo hizo zaidi kuliko kama ungezibeba kwenye bodi.

Sipigi vita matairi ya LT. Mtu anayeshinda kwenye mawe makali, mzigo mkubwa kila siku, ubavu mgumu utamwokoa. Lakini huyo ajaze kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi, kulingana na uzito ulio juu ya ekseli yake, si kwa kibandiko cha mlangoni wala kwa namba ya mwisho ya ubavuni. Kwa nusu tani yako na lami nyingi hivyo, A/T ya kawaida inakutosha, na ukitaka akiba tafuta 265/65R17 iliyoandikwa 116, ambayo ni kilo 1,250, mradi uifuate kwa upepo wake. Mwenye pikapu iliyotoka kiwandani na tairi lenye herufi C mwishoni mwa saizi (tairi la gari la mizigo), naye asishuke kwenda tairi la gari dogo kwa sababu tu linaingia kwenye ringi.

M/T, yaani za matope, achana nazo. Kwenye lami zitakupigia kelele na kwenye maji hazishiki. Na usifunge mawili mapya nyuma huku mbele yakiwa ya saizi nyingine: ukiingiza gia ya magurudumu yote, tofauti ya mzunguko inaishia kwenye gia na shafti, na hizo ni ghali kuliko tairi lolote.

Nimerudi kwa jamaa yako. 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Watengenezaji kadhaa wa magari wanasema tairi libadilishwe likifika miaka 6, hata kama kashata ipo. Wa matairi wengine wanavumilia hadi 10 kwa masharti ya kukaguliwa kila mwaka. Mpira hukauka hata ukiwa umetundikwa ukutani. Ndiyo maana kashata ndefu kwenye tairi la zamani hainipi furaha, inanitia shaka: lilikaa wapi miaka yote hiyo bila kutembea? Na kashata ndefu inaweza kuwa ya kisu. Kuna watu wanachonga tairi lililoisha upya, wakishuka mpaka karibu na waya, maji yanaingia, waya unashika kutu. Hilo linaruhusiwa kwa matairi ya malori yaliyoandikwa kwamba yanachongeka. La pikapu, hapana. Wengine wanapaka mafuta ya kung'arisha mpaka nyufa hazionekani. Chukua kitambaa chenye sabuni ufute ubavu, kisha ubonyeze kwa gumba uone kama mpira unafunguka vimistari. Pancha ya ubavuni haizibwi, hata akikuapia. Anayeziba ubavu kwa kijiti cha mpira hatakuwepo kwenye kona utakayokuwa nayo wewe na familia yako.

Tarehe kamili huchapwa upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi hufungwa ikitazama ndani. Siku ya kununua, hata mapya ya dukani, usikubali yafungwe kabla hujaisoma kwenye kila moja, la spea likiwemo. Yakishafungwa itakubidi uingie chini ya gari na tochi. Kisha jaza 36 nyuma asubuhi ukiwa na mzigo, na baada ya kilomita 8,000 hivi uyabadilishane mbele na nyuma. Mwezi wa kwanza yapime kila wiki. Moja likishuka peke yake, lifuatilie kabla ya kupakia tena.