Maswali Yenu: Gemu ileile, mashine mbili

SWALI: Nina Sega Saturn ya Kijapani, kaka yangu ana PlayStation ya kwanza. Sote tunacheza X-Men vs. Street Fighter ya Capcom. Mimi nabadilisha wapiganaji wangu wawili katikati ya pambano, yeye hawezi. Diski yake ni mbovu?

JIBU: Diski ni nzima, kilichopungua ni memori. Kila mpiganaji ana picha nyingi za miondoko, na ili umwite mwenzake papo hapo, picha za wote wanne lazima ziwe zimeshapakiwa. PlayStation ina MB 2 za memori kuu na MB 1 ya picha, na kisoma diski chake ni cha polepole mno kumleta mpiganaji mpya bila pambano kusimama. Basi Capcom wakafuta ubadilishaji: kwa kaka yako mwenza huchomoza, hutoa pigo, hutoweka. Saturn ilipata toleo lake mwaka 1997, Japani tu, pamoja na katriji ya memori ya MB 4, kijisanduku cha kuchomeka kwenye mashine. Hiyo ndiyo siri yote.

Ila usimcheke sana. Castlevania: Symphony of the Night ya Konami ilitengenezewa PlayStation, na ilipohamishiwa Saturn mwaka 1998 vitu vingi vilivyokuwa angavu kama kioo viligeuka wavu wa vitone. Saturn huchora kwa chipu mbili, na kuchanganya rangi za chipu moja na za nyingine ni kazi ngumu. Kampuni isiyo Sega yenyewe ikija na gemu iliyokwisha kuandikwa kwa mashine nyingine, mara nyingi hukwepa usumbufu huo.

SWALI: Katriji yangu ya MB 4 ya Saturn leo inatambulika, kesho haitambuliki. Halafu kila nikiwasha naulizwa tarehe.

JIBU: Ni matatizo mawili. Katriji: zima mashine, ichomoe, futa meno yake kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, acha ikauke, kisha irudishe wima na uisukume hadi mwisho. Ikiingia upande hata kidogo, meno mengine hayagusi. Usiichomoe kamwe mashine ikiwa imewaka.

Tarehe: betri ya CR2032, iliyo chini ya kifuniko kidogo cha nyuma, imekwisha. Ukiitoa mashine ikiwa imezimwa, gemu ulizohifadhi ndani zinafutika. Kama bado zipo, zinakili kwanza kwenye katriji ya kuhifadhia. Tundu ni moja tu, kwa hiyo ile ya MB 4 ipishe kwanza.

SWALI: Kwa nini Final Fantasy VII haikutoka Nintendo 64?

JIBU: Nafasi. Square waliitoa mwaka 1997 kwa CD 3, na CD moja hubeba takriban MB 650. Nintendo 64 ilitumia katriji, na gemu yake Super Mario 64 nzima ni MB 8. Hata hivyo, mwaka 1999 Resident Evil 2, gemu ya CD mbili, ilibanwa ikaingia kwenye katriji moja ya Nintendo 64 ya MB 64, video zikiwemo. Zitazame kwa karibu uone ukungu wake.