MASWALI YA WASOMAJI: Kioo cha mbele cha boti ya zamani

Swali: Habari zenu wataalamu. Nina boti ya faiba ya futi 18, niliinunua ikiwa imeshatumika, iko Matema. Kioo cha mbele cha plastiki kilikuwa kimepasuka, nikakatiwa kipya na fundi wa mabango Mbeya mjini: akriliki ya milimita 6, urefu mita 1.4. Muda mfupi tu baada ya kufungwa kimeanza kupasuka kutokea kwenye matundu ya bolti. Nimeuziwa mali feki? Nihamie plastiki nyingine? — Msomaji, Matema, Kyela

Jibu: Ndugu msomaji, usimlaumu muuzaji kwanza. Ufa unaoanzia kwenye tundu mara nyingi unatokana na ufungaji, na kwako hali ya hewa imechangia sana.

Akriliki hurefuka kwa takriban milimita 0.07 kwa kila mita 1 na kila nyuzi joto 1. Kioo halisi hakifikii hata 0.01. Kama kipande chako kilikatwa na kutobolewa Mbeya asubuhi ya Juni, karakana ikiwa na nyuzi 12, kisha kikafungwa botini na kupigwa na jua la Matema mpaka kikafika nyuzi 50, tofauti ni nyuzi 38. Zidisha kwa mita 1.4 na 0.07: kioo kimeongezeka karibu milimita 3.7. Bolti ya milimita 5 ndani ya tundu la milimita 5 haitoi nafasi hiyo. Plastiki inasukuma bolti, bolti haisogei, na ufa unatoka pale tundu lilipo.

Ukikata kipya, anza na kiolezo. Vipande vya kioo cha zamani usivitupe. Viunganishe kwa seloteipu, uvilaze juu ya hadibodi na uchore. Kabla ya kutoboa chochote, choma kwa bisibisi faiba iliyo chini ya fremu. Ikizama, mbao iliyomo ndani imeoza kwa maji yaliyopitia matundu ya zamani. Toa iliyooza, acha pakauke, jaza kwa gundi ya epoksi iliyokorezwa, ndipo utoboe upya. Ukifunga kioo kipya juu ya mbao iliyooza, fremu itacheza kwenye kila wimbi na kioo kitaumia tena.

Wakati wa kukata, karatasi ya kujikinga ibaki pande zote mbili. Tumia msumeno wa meno madogo na usiukimbize, kwa sababu plastiki ikipata moto huyeyuka na kugandia. Acha nafasi ya milimita 3 kila mwisho ndani ya fremu. Lainisha kingo kwa kukwangua kisha msasa. Wapo wanaozing'arisha kwa moto wa gesi. Zinapendeza, lakini moto huacha mkazo ndani ya plastiki, na siku utakayofuta kwa dawa kali nyufa ndogondogo hujitokeza ukingoni.

Matundu ndiyo kazi yenyewe. Biti ya kawaida ya chuma ina makali yanayouma, na inapotokeza upande wa pili humega plastiki. Punguza makali yake kidogo kwa jiwe la kunolea, weka ubao chini, toboa taratibu, pandisha biti mara kwa mara kutoa unga. Kwa bolti ya milimita 5, tundu la katikati liwe milimita 6, na hilo ndilo litakaloshika kioo mahali pake. Mengine yote yawe milimita 8 au 9. Yasikaribie ukingo kwa chini ya sentimita 2. Bolti za kichwa cha koni usizitumie kabisa, kwani huingia kama kabari.

Chini ya kila kichwa weka washa ya nailoni au raba nyeusi ya EPDM. Plastiki laini ya PVC hutoa mafuta yanayodhuru kioo. Kaza mpaka washa ianze kubanwa, kisha rudisha robo mzunguko. Nati ziwe za kujifunga zenye pete ya nailoni, maana gundi ya kuzuia nati isilegee ikichuruzikia plastiki huipasua. Silikoni iwe ile isiyotoa asidi. Ikinuka siki, irudishe dukani. Tandaza mstari wa milimita 3 hivi, na usiikamue yote kwa kukaza. Iache siku nzima kabla ya kuingia ziwani.

Kuhusu plastiki nyingine: polikaboneti inavumilia kipigo kuliko akriliki kwa mbali, ila inachubuka upesi, na isipokuwa na tabaka la kuzuia jua hugeuka njano. Upande wenye tabaka huandikwa kwenye karatasi ya kujikinga, nao lazima utazame nje. Nayo hurefuka karibu sawa na akriliki, kwa hiyo matundu yabanayo yataiumiza vilevile. Sisi tungebaki na akriliki, isipokuwa kama fremu imepinda sana. Pima hivi: weka ubao ulionyooka wa mita 1 ndani ya mpindo, ncha zote mbili ziguse, upime kina cha katikati. Kikizidi sentimita 7, usikunje akriliki ya milimita 6 ikiwa baridi. Polikaboneti ya milimita 5 inastahimili mpaka kama sentimita 15.

Swali: Boti yangu ya uvuvi iko bwawa la Mtera. Fremu ni ya bapa. Fundi alumini wa Iringa anasema aweke kioo cha dirisha cha milimita 4, bei nafuu. Kuna ubaya? — Msomaji, Iringa

Jibu: Ubaya upo, tena mkubwa. Kioo cha dirisha kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na uso wa nahodha uko nyuma yake hatua moja. Mwambie akuwekee kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, kama cha mbele cha gari. Hicho kinakatika baada ya kutengenezwa. Kile kilichoimarishwa kwa joto, kinachosambaratika kuwa punje, hakikatwi wala hakitobolewi tena, hivyo vipimo na matundu viwe tayari kabla hakijaingia tanuri. Fremu ya bapa inafaa kwa kioo, mradi kikae juu ya raba na kisiguse alumini popote.

Swali: Kioo cha plastiki kimekuwa na ukungu, sioni mbele jua likiwa chini. Kinang'arishika? — Msomaji, Itungi, Kyela

Jibu: Kimulike kwa tochi kutoka ubavuni usiku. Ukiona vimeremeta vingi ndani ya plastiki yenyewe, hizo ni nyufa ndogondogo, na hakuna msasa utakaozifikia, badilisha. Kama mikwaruzo iko juu tu na ni akriliki, piga msasa wa maji namba 800, 1200, kisha 2000, ukibadili mwelekeo kila namba, umalizie kwa dawa ya kung'arishia. Polikaboneti yenye tabaka usiiguse kwa msasa. Kuanzia hapo safisha kwa maji mengi kwanza, mchanga utoke, kisha sabuni laini na kitambaa cha pamba. Petroli, thina na dawa za vioo zenye amonia zikae mbali.

Swali: Mwera ukivuma maji yote yananijia usoni. Nataka kupandisha kioo toka sentimita 30 hadi 45 na kuweka tinti nyeusi. — Msomaji, Matema

Jibu: Kupandisha kunawezekana, lakini ukiongeza nusu ya kimo, nguvu ya upepo inayokivunja kioo kwenye mguu wake inakuwa mara 2.25. Weka mihimili miwili ya pembeni kutoka fremu hadi sitaha, na ukingo wa juu uupe bomba la alumini. Kaa kwenye usukani, kisha simama, uone ukingo unaangukia wapi. Usiwe sawa na macho katika mkao wowote unaoutumia kuendesha. Ama uone juu yake, ama uone ndani yake bila kuinama.

Tinti nyeusi tunaipinga. Usiku kuna mitumbwi ya wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa, ziwani, na si kila mmoja una taa. Kama jua linakusumbua, weka tinti hafifu kwenye vioo vya pembeni, cha mbele ya usukani kibaki cheupe.